Walilinganisha na Nini? Barua Zenu Kuhusu Mazoezi ya Macho

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na ukizikung'uta zote zinauliza jambo moja: je, kuona kunafundishika? Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafanyisha watu mazoezi ya kuona katika kliniki moja hapa Ngara, na jicho langu la kushoto ni zembe tangu utotoni, yaani ubongo haukujifunza kulitumia vizuri. Nikimmiminia mgeni chai, mdomo wa thamosi lazima uguse ukingo wa kikombe kwanza, la sivyo chai inakwenda mezani. Kwa hiyo mkiniuliza mambo haya, jueni mnamwuliza mtu mwenye kesi yake.

*Shangazi, kijana wangu ana miaka 8, yuko Gredi ya 3. Walipopimwa macho shuleni jicho lake la kulia lilionekana dhaifu sana. Hospitalini alipewa miwani, na baada ya miezi minne wakaongeza kiraka cha kuziba jicho zuri saa 2 kila siku. Jirani yangu, ambaye binti yake alitibiwa zamani, anasema saa 2 ni mchezo, wa kwake alizibwa kutwa. Baba yake naye ameona mtandaoni kuna gemu ya kutibu jicho, anasema tuachane na plasta. Mtoto mwenyewe analia, darasani wanamwita Chongo. Nifuate nani?* – Mama, Umoja

Mama, pole, na umfikishie kijana pole zangu. Nianze na jirani, maana hakukudanganya. Zamani watoto walizibwa jicho kutwa nzima, na wengi walipata nafuu. Kule Marekani kuna kundi la watafiti wa macho ya watoto linaloitwa PEDIG, na wao ndio waliouliza kama saa zote hizo zinahitajika. Walichukua watoto 189 walio chini ya miaka 7, wenye uzembe wa jicho wa wastani, wakawagawa kwa kura: hawa wazibwe saa 2 kwa siku, wale saa 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya miezi 4 makundi yote mawili yalikuwa yamepanda sawasawa, karibu mistari miwili na nusu ya ile chati ya herufi. Zile saa 4 za ziada zilileta machozi tu.

Wako ana miaka 8, ameshapita rika hilo. Wakubwa walichunguzwa na PEDIG hao hao mwaka 2005. Kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliozibwa jicho saa 2 hadi 6 na kutiwa matone ya atropini (dawa ya kutia ukungu jicho zuri), 53 katika kila 100 walipanda mistari 2 au zaidi. Kwa waliovaa miwani peke yake, ni 25 katika 100. Basi anayekuambia kwamba mtoto akipita miaka 7 mlango umefungwa, mwambie ulikuwa haujafungwa. Lakini nawe uione hesabu yote: karibu nusu hawakufika hapo hata kwa kiraka na matone.

Hospitali iliyoanza na miwani na kungoja miezi ilifanya vizuri, haikuwa inakuzungusha. Jicho zembe si jicho bovu. Ubongo ukiletewa picha mbili, moja safi na moja yenye ukungu, unaipokea iliyo safi na kuitupa ya pili, na miaka ikipita unasahau hata namna ya kuisoma. Hubel na Wiesel walilionyesha hilo kwa paka wachanga waliozibwa jicho moja, na mwaka 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel. Miwani inaisafisha picha. Kiraka kinaulazimisha ubongo uitazame. Wapo watoto ambao miwani pekee inawatosha: PEDIG waliwafuatilia 84 wa miaka 3 hadi 6 ambao macho yao yalitofautiana nguvu ya lenzi, na 27 katika 100 walipona kabisa bila kiraka.

Sasa gemu ya Baba. Wazo lenyewe ni zuri, sitamcheka. Mtoto anavaa miwani ya rangi mbili, nyekundu na kijani, sehemu ya mchezo inaonekana na jicho moja na sehemu nyingine na jicho la pili, hivyo hawezi kushinda mpaka macho yashirikiane. Ilipojaribiwa kwa watu wachache ilivuma sana. Kisha PEDIG wakachukua watoto 385 wa miaka 5 hadi 12, nusu wakapewa gemu ya matofali yanayodondoka, saa 1 kwa siku, na nusu kiraka cha saa 2. Matokeo yalitoka 2016: wiki 16 zilipokwisha, gemu haikukifikia kiraka. Na jambo ninalolipenda katika utafiti ule ni kwamba kifaa chenyewe kilihesabu dakika. Ni watoto 22 tu katika 100 waliocheza zaidi ya robo tatu ya muda waliopangiwa. Walichoka! Gemu ya kuamriwa na daktari haina utamu wa gemu ya kuiba kwenye simu ya mama. Mwaka 2019 wakajaribu gemu nyingine iliyonogeshwa zaidi, na ikashindwa kuipita miwani peke yake.

Kama Baba atakuja na hoja ya vile vifaa vya kuvaa usoni ambavyo mtoto anaangalia katuni, kweli Marekani iliruhusu kimoja mwaka 2021, kinaitwa Luminopia. Watoto 105 walijaribiwa. Wenye kifaa walipanda mstari 1.8 kwa wiki 12, wenzao 0.8. Lakini muulize Baba swali hili, na ninyi wengine mlikate mlibandike ukutani: walilinganisha na nini? Wenzao wale walivaa miwani tu, hawakuwekewa kiraka. Kwa hiyo tunajua kifaa kinashinda miwani. Utafiti huo haukutuambia kama kinashinda plasta ya duka la dawa.

Nionavyo mimi, fuata saa 2, lakini zitoe shuleni. Akirudi, avue sare, ale, kisha plasta ibandikwe kwenye ngozi, chini ya miwani. Usiibandike kwenye kioo, atachungulia kwa juu kama mwizi. Halafu mpe kazi ya karibu: achague maharagwe ya githeri, atunge shanga, achore, asome kwa sauti. Chongo hatakuwepo tena darasani maana hakuna atakayemwona. Weka kalenda ukutani, kila siku aliyovaa apige tiki kwa mkono wake. Tiki zikiwa chache, mwambie daktari ukweli, usimwambie "tunajitahidi". Akikataa kabisa, kuna matone ya atropini ya kutia ukungu jicho zuri; watoto 419 walilinganishwa, na kufikia mwezi wa sita tofauti kati ya matone na kiraka ilikuwa ndogo mno. Matone hayo yaandikwe na daktari, usinunue kwa kubahatisha. Na akipona usiache kumpeleka: karibu mmoja kati ya wanne huteleza tena ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha tiba.

Mimi nilikuwa na miaka 6 mama aliponipeleka zahanati moja kwetu Mombasa. Mhudumu akaniambia nisome chati kwa macho mawili, nikasoma yote, akasema mtoto mzima. Niligundua mwenyewe nikiwa Kidato cha Tatu, tulipokuwa tukicheza kuzibana macho bwenini. Nilizibwa la kulia, nikadhani umeme umekatika.

*Mwalimu mwenzetu, shuleni kwetu alikuja mtu na laptopu kutuonyesha programu ya mazoezi ya macho ya kusaidia watoto wanaochanganya herufi na kusoma polepole. Ni shilingi 12,000 kwa mtoto. Alisema ina ushahidi wa utafiti mkubwa wa Marekani. Wazazi wananiuliza mimi.* – Mwalimu, Kasarani

Utafiti mkubwa upo kweli, Mwalimu, na ndio utakaomsuta.

Kuna watoto ambao macho yao yanashindwa kukutana wanapotazama karibu. Wanaona maneno mawili mawili, yanacheza, kichwa kinauma baada ya aya mbili. Mwaka 2008 Wamarekani walitoa matokeo ya watoto 221 wa namna hiyo, wa miaka 9 hadi 17, waliogawanywa mafungu manne kwa wiki 12. Waliofanyishwa mazoezi kliniki na kuongezea nyumbani, 73 katika 100 walipona au kupata nafuu kubwa. Wa nyumbani waliotazama ncha ya penseli huku wakiisogeza karibu na pua, 43. Wa kompyuta na penseli nyumbani, 33. Fungu la nne ndilo utamu wenyewe: lilikuja kliniki kila wiki, likakaa na mtaalamu, likapewa vifaa vya kumetameta, lakini mazoezi yalikuwa ya bandia, kiini macho mtupu. Hao nao, 35 katika 100. Kwa maneno mengine, mtoto akikaliwa na mtu mzima mpole kwa saa nzima kila wiki, theluthi yao watasema wana nafuu hata kama hukuwapa kitu. Mwuzaji yeyote anaweza kukuletea hao 35 wakiwa na ushuhuda na machozi ya furaha.

Mgeni wenu, nadhani, hakuusoma utafiti wa mwaka 2019. Watafiti walirudi na swali lako hasa: macho yakishakutana vizuri, kusoma kunapanda? Watoto 311, wiki 16, mazoezi ya kweli dhidi ya bandia, kisha mtihani wa ufahamu. Makundi yote mawili yalipanda kidogo, sawasawa. Mazoezi yanatibu macho yasiyokutana. Hayamfundishi mtoto kusoma.

Anayechanganya b na d kwa kawaida ana shida ya kuunganisha sauti na herufi, na hiyo ni kazi ya mwalimu wa kusoma. Mtoto apimwe macho kwanza, miwani ikihitajika apewe, anayelalamika kuona maneno mawili atajwe hivyo kwa daktari. Baada ya hapo una KISE, taasisi ya elimu maalumu, hapo hapo Kasarani, wanatathmini watoto wenye ugumu wa kujifunza. Hizo 12,000 mtoto anunuliwe vitabu vya hadithi.

*Dada yangu, nina miaka 57, nauza mitumba Gikomba. Februari nilipata kiharusi. Mkono umerudi, mdomo umerudi, lakini upande wa kulia sioni. Mikokoteni inanigonga, mteja akisimama kulia ananiona nimemdharau. Nikisoma gazeti napotea katikati ya mstari. Kuna mahali wameniambia wana mashine itakayorudisha uoni, vipindi 20 kwa shilingi 90,000, na kwamba watu 7 kati ya 10 wanapata nafuu. Vijana wangu wako tayari kuchanga. Je, nikubali?* – Mfanyabiashara, Gikomba

Kaka, shukuru Mungu kwa mkono na mdomo. Sasa tuongee kuhusu hizo 90,000.

Ziba jicho la kulia, tazama mbele. Kisha ziba la kushoto. Utaona upande wa kulia haupo kwa yote mawili. Macho yako ni mazima. Picha ya upande wa kulia wa dunia, kutoka macho yote mawili, husomwa kisogoni upande wa kushoto wa ubongo, na hapo ndipo kiharusi kilipopiga. Uoni unaorudi wenyewe hurudi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Mtu anayeanza kukutoza mwezi wa pili baada ya kiharusi atavuna sifa ya kazi ya Mungu, ndiyo maana nauliza tena: hao 7 kati ya 10 walilinganishwa na nini? Na watu waliokaa nyumbani? Na watu waliopewa mashine iliyozimwa? Waombe wakuonyeshe kwa karatasi.

Hadithi ya mashine hizo naijua. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba mtu akikaa mbele ya kompyuta kila siku akitafuta vidoa vya mwanga kwenye mpaka wa upande uliopotea, mpaka unasogea. Ilishangiliwa. Mwaka 2005 Wajerumani wengine waliwapima wagonjwa 17 waliofanya mafunzo hayo, safari hii kwa kifaa kinachotazama ndani ya jicho moja kwa moja, ili kuhakikisha halihami hata kidogo wakati wa kipimo. Mpaka haukuwa umesogea kwa kiasi cha maana. Inavyoelekea wagonjwa walikuwa wamejifunza kitu tofauti: kurusha jicho haraka kuelekea upande uliopotea. Wapo wanaoendelea kuutafuta huo uoni, kwa mfano Krystel Huxlin na wenzake huko Rochester, Marekani, kwa mazoezi ya kila siku kwa miezi mingi, na wanachopata kinatia moyo. Ila bado ni kazi ya maabara, si bidhaa ya vipindi 20.

Lakini hebu rudi kwenye hicho walichojifunza wale wagonjwa wa Ujerumani bila kukusudia. Kurusha jicho! Hiyo ndiyo dawa yako, na ni ya bure. Waingereza waliwachukua watu 87 waliopoteza nusu ya uoni kwa kiharusi, wakawagawa: kundi moja miwani yenye vipande vya prizimu (vioo vinavyopindisha mwanga), kundi la pili mazoezi ya kutafuta kwa macho, la tatu maelezo tu. Matokeo yalitoka 2017. Upana wa uoni haukuongezeka kwa yeyote. Ila wa mazoezi ya kutafuta ndio waliosema maisha yao ya kila siku yamekuwa mepesi zaidi. Wa prizimu, karibu 7 kati ya 10 walilalamika, hasa kichwa kuuma.

Nakueleza ninavyowafanyisha watu wangu. Chukua sinia pana, mwage vifuniko vya soda arobaini vya rangi mbalimbali. Kaa sinia ikiwa katikati yako. Mjukuu aseme "chekundu", nawe kabla ya kutafuta popote, peleka jicho kulia mpaka lipite ukingo wa sinia, uone meza. Ukingo ndio siri. Watu wa hali yako hutafuta kulia kwa hatua ndogo ndogo na kuishia pale dunia yao inapoishia. Wewe ruka uvuke ng'ambo, kisha rudi ukikusanya. Nusu saa kwa siku, wiki sita. Baadaye toka nje: simama asubuhi kabla ya watu kujaa, uhesabu vibanda vya upande wa kulia kwa kurusha jicho, kisha fanya hivyo ukitembea. Kibandani hamisha kiti chako. Ukae wewe upande wa kulia kabisa, ukuta au turubai iwe mkono wa kulia na wateja wote wabaki kushoto. Hilo halihitaji utafiti.

Kusoma kunakusumbua kwa sababu Kiswahili kinasomwa kwenda kulia, yaani kila neno linatokea gizani. (Nilikuwa na mzee wa Eastleigh aliyepoteza upande wa kushoto: gazeti alisoma bila taabu, Msahafu ukamshinda, kwa sababu ile ile kinyume.) Weka rula wima mwisho wa mstari, na usikubali kuruka mstari mpya mpaka jicho liguse rula.

Gari na pikipiki, hapana. Dawa ya presha usiache hata siku moja. Na hizo fedha za vijana ziwe za nauli ya kliniki na vipimo vya damu.

*Ni kweli nikiviringisha macho na kuyafunika kwa viganja kila asubuhi nitatupa miwani yangu ya mbali?* – Kijana, Rongai

Hapana. Huo ni mtaji wa William Bates, daktari wa New York wa miaka mia iliyopita, aliyeamini jicho linalenga kwa misuli ya nje. Kinacholenga ni lenzi iliyo ndani, na jicho la kuona karibu tu kwa kawaida limerefuka. Hakuna kuviringisha kunakolifupisha. Kama una wadogo zako, watoe nje: huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku kwa miaka 3 zilikuwa na watoto 30 katika 100 walioingia tatizo hilo, dhidi ya karibu 40 katika shule nyingine.

*Shangazi, nina uoni hafifu tangu kuzaliwa. Nimeitwa kwenye utafiti wa mazoezi ya kuona. Wamesema nitawekwa kundi kwa kura na huenda nikaangukia kundi lisilofanyishwa mazoezi. Naona kama nitafanywa panya. Na kwa nini wasitupe sote?* – Mwanafunzi wa chuo, Kahawa

Kwa sababu hawajui kama yanafaa, mwanangu. Wangejua, kukunyima kungekuwa dhambi na kura isingeruhusiwa. Umesoma hapo juu habari ya mazoezi bandia na wale 35 katika 100. Bila kundi la kulinganishia, mazoezi yale ya bandia nayo yangeuzwa kwa 12,000 Kasarani.

Wasiwasi wako hata hivyo una mahali pake, kwa hiyo nenda na maswali. Utafiti wa aina hii hapa kwetu lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi; waombe namba zake. Fomu ya ridhaa upewe kwa lugha unayoielewa, kwa maandishi makubwa unayoweza kusoma, au usomewe mbele ya mtu wako. Una haki ya kuondoka siku yoyote bila matibabu yako ya kawaida kuguswa. Uliza nauli inalipwa na nani. Uliza pia, na hili wengi wanalisahau: mazoezi yakionekana yanafaa, kundi la kulinganishia litapewa baadaye? Watafiti waungwana huwa wamelipanga. Na mtu akikutoza pesa ili ujiunge na utafiti, huo si utafiti, ni duka.

*Shangazi, shikamoo. Bibi yangu ana miaka 78. Katikati ya macho yote mawili pameingia doa, daktari amesema ni uzee wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na hakuna sindano inayofaa kwa aina yake. Hasomi tena Kurani, anakaa tu amenyamaza. Hospitalini wametuambia hakuna zaidi.* – Mjukuu, Pangani

Marahaba. Hilo neno "hakuna zaidi" ningeweza ningelipiga marufuku. Hakuna zaidi ya dawa, labda. Kufundishwa ni jambo la pili.

Mwaka 2008 hospitali za maaskari wastaafu wa Marekani zilitoa matokeo ya watu 126, wengi wenye doa kama la Bibi. Nusu walipewa lenzi za kukuza pamoja na saa kadhaa za kufundishwa na kazi za nyumbani. Nusu wakangoja foleni yao. Baada ya miezi 4, waliofundishwa walisoma vizuri zaidi kwa tofauti kubwa. Waliongoja walikuwa wameshuka. Sawa, lakini wewe sasa umeshajua swali langu. Je, si lenzi tu? Waliuliza. Mwaka 2017, watu 323: wote walipewa vifaa, nusu wakaongezewa mafunzo. Wenye uoni uliopungua kidogo tu, vifaa viliwatosha. Wenye uoni mbaya zaidi, mafunzo yaliwaongezea. Na hilo la kunyamaza kwake usilipuuze. Huko Philadelphia wazee 188 wa hali hii walifuatiliwa, na waliosaidiwa kurudia shughuli wanazozipenda pamoja na mafunzo ya uoni, walioangukia sonona walikuwa karibu nusu ya wenzao waliopata mazungumzo tu.

Basi mpelekeni kliniki ya uoni hafifu. Hospitali ya Kikuyu wanayo, na kutoka Pangani si safari ya kuogopa. Wakati mnangoja miadi, jaribu hili leo. Chora saa kubwa ya ukutani kwenye karatasi nyeupe, namba zikiwa nene, na katikati uandike alifu moja kubwa. Mweke Bibi umbali wa mkono, dirisha likiwa ubavuni na si usoni. Mwambie atazame namba 12 iliyo juu (sisi tungesema saa sita, lakini hapa tufuate namba tusije tukapotezana), kisha akuambie alifu inaonekanaje. Halafu namba 1, halafu 2, mpaka mzunguko uishe, polepole, na mapumziko. Kuna namba moja ambayo akiitazama, ile alifu ya katikati itatoka kwenye doa. Hapo ndipo pembe ya retina yake iliyobaki nzima, na huko ndiko atajifunza kupeleka jicho kila anapotaka kuona kitu. Itamchosha, dakika tano tano zinatosha mwanzoni.

Msahafu uwe wa chapa kubwa, juu ya marufaa ili mikono iwe huru, taa ya meza imulike kutoka upande wa jicho lililo bora. Jicho likishatulia kwenye namba yake lisihame. Kitabu ndicho kisogezwe, polepole, chini ya lenzi. Mistari iliyonyooka ikianza kupinda ghafla, usingoje miadi, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na uwaandae watu wa nyumbani. Mama mmoja niliyemfundisha, namba yake ilikuwa 2. Ili akuone uso wako lazima atazame juu ya sikio lako, na wajukuu wake walikaa wiki nzima wakidhani amewanunia. Bibi akiipata yake, niandikie ni ngapi.